Maswali ya Wasomaji: Mvinyo Mwekundu, Nyama Choma na Pilau

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mvinyo mwekundu wa mchanganyiko wa zabibu, ule unaosifiwa kwa harufu yake ya matunda, huonjwaje, na hufaa kuandamana na chakula gani katika nyumba za Nairobi ambamo meza haikosi ugali, kachumbari na pilipili? Ushauri uliozoeleka, kwamba nyama nyekundu iliwe na mvinyo mwekundu na samaki kwa mvinyo mweupe, hautufikishi mbali. Katika majibu yangu nashikilia kwamba kinachoamua ni chumvi, mafuta, ndimu, sukari na pilipili vilivyomo sahanini. Aina ya nyama huja baadaye.

Swali: Hujambo mwandishi? Kaka yangu amerudi kutoka Cape Town na kuniletea mvinyo mwekundu ambao lebo yake inataja zabibu za aina tatu: Merlot, Shiraz na Pinotage. Nyuma ya chupa imeandikwa kwamba mvinyo huo unanukia beri nyeusi, cheri na plamu. Nimeunusa na kuuonja, lakini sikuhisi chochote isipokuwa pombe na ukali. Je, ulimi wangu una kasoro, au maneno hayo ni ya kuuzia tu? *Msomaji wa South B*

Jibu: Ulimi wako hauna kasoro yoyote, na maneno hayo si ya uongo. Yaliandikwa na watu waliokula beri na cheri tangu utotoni, na pua hutambua kile ilichokwisha kukutana nacho. Mtu aliyelelewa Machakos au Kisumu hana sababu ya kukumbuka beri nyeusi ya Ulaya. Iweke orodha hiyo kando, kisha utafute matunda unayoyafahamu wewe: zambarau zilizoiva hadi zikautia ulimi rangi, forosadi, plamu za Limuru, komamanga, au maua makavu ya rozela (hibiscus) yaliyochemshwa. Kwa maoni yangu zambarau ndiyo iliyo karibu zaidi na mvinyo wa namna hiyo, kwa kuwa ina utamu, uchachu na ukakasi kwa pamoja, na uchachu na ukakasi ndivyo utakavyopaswa kuvipima mdomoni.

Pombe ilikutawala puani, nadhani, kwa sababu mvinyo wako ulikuwa na joto kupita kiasi. Husemwa mara nyingi kwamba mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumba, lakini chumba kilichokusudiwa ni kile cha nyumba za kale za Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, ilhali sebule ya ghorofa yenye madirisha yanayopigwa na jua la Februari hupita nyuzi 25 bila shida. Katika joto hilo pombe hupanda puani haraka na kuifunika harufu ya matunda. Weka chupa kwenye friji kwa muda wa saa moja hivi, au uizamishe katika ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika kumi, ili ishuke hadi karibu nyuzi 16. Mwezi wa Julai, Nairobi inapokuwa na baridi ya kuvalia sweta ndani ya nyumba, huenda usihitaji friji kabisa.

Baada ya hapo mimina mvinyo usiozidi theluthi moja ya glasi, kwa kuwa nafasi inayobaki juu ndiyo inayohifadhi harufu. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe na uangalie ukingo wa mvinyo: ukiwa na rangi ya zambarau, mvinyo bado ni mchanga na matunda yake yana nguvu, ukielekea rangi ya tofali, umekaa miaka mingi na harufu zake zimeanza kuelekea matunda makavu na ngozi. Nusa mara moja kabla ya kuizungusha glasi, kisha uizungushe taratibu na kunusa tena. Harufu ya pili huwa pana kuliko ya kwanza, na tofauti kati ya hizo mbili ni funzo tosha kwa jioni ya kwanza.

Unapoonja, usimeze upesi. Chukua funda la wastani, uliache lifike kwenye fizi na chini ya ulimi, kisha umeze na kutoa pumzi kwa puani mdomo ukiwa umefungwa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutokea nyuma ya kinywa, na hapo ndipo wengi huyakuta matunda waliyoyakosa walipokuwa wakinusa. Kisha pima mambo mawili. Uchachu utautambua kwa mate yanayochuruzika pembeni mwa ulimi. Ukakasi utautambua kwa fizi zinazokauka na kukaza, sawasawa na zinavyofanya unapokunywa chai ya rangi iliyokaa mno na majani. Unatokana na tanini za ngozi na kokwa za zabibu, ambazo huzishika protini za mate na kuuondolea mdomo utelezi wake. Nadhani huo ndio ukali ulioulalamikia, na utaona hapa chini jinsi chakula kinavyoutuliza.

Kuhusu zabibu zako tatu, kila moja imetiwa kwa sababu. Merlot huleta ulaini na harufu ya plamu. Shiraz, ambayo Wafaransa huiita Syrah, huleta rangi nzito na harufu inayokaribia pilipili manga. Pinotage ni zao la Afrika Kusini yenyewe: mwaka 1925 Abraham Izak Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alizalisha mbegu yake kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsault, na mvinyo wake huwa na matunda yaliyoiva sana, wakati mwingine na dalili ya moshi. Kwa kawaida mtengenezaji huchachusha kila zabibu peke yake, akaonja kila pipa, kisha akaamua ni kiasi gani cha kila moja kiingie katika chupa. Kusini mwa bonde la Rhône nchini Ufaransa watengenezaji hufanya vivyo hivyo kwa zabibu za Grenache, Syrah na Mourvèdre, na huko Bordeaux kwa Merlot na Cabernet Sauvignon. Mchanganyiko, basi, si mvinyo wa daraja la chini kama baadhi ya wauzaji wetu wanavyodokeza. Mingi ya mivinyo inayoheshimiwa sana duniani ni ya namna hiyo.

Swali: Nilinunua mvinyo uliosifiwa kwamba umejaa matunda, nikitarajia utamu, lakini nilipoufungua nikakuta hauna sukari hata kidogo. Je, nilidanganywa? *Msomaji wa Kasarani*

Jibu: Hukudanganywa. Harufu ya matunda na utamu wa sukari ni vitu viwili tofauti, ingawa ubongo huviunganisha kwa kuwa matunda tunayokula huwa navyo vyote. Katika mvinyo mkavu, hamira imekwisha kula karibu sukari yote ya zabibu na kuigeuza kuwa pombe. Kwa kipimo cha kawaida cha Umoja wa Ulaya, kinachobaki hakizidi gramu 4 kwa lita, ilhali soda nyingi zina takriban gramu 100 kwa kipimo hichohicho. Ukitaka kujihakikishia, bana pua yako kwa vidole viwili kisha uchukue funda: matunda yatatoweka papo hapo, na kitakachobaki ulimini ni uchachu, ukakasi na joto la pombe. Kama mvinyo una sukari ya kweli, utamu utabaki hata pua ikiwa imebanwa. Jaribu hilo kwa mvinyo uliokuvunja moyo, kisha uunywe pamoja na chakula chenye chumvi kabla hujauhukumu.

Swali: Mwandishi, tunatarajia kuwapokea wakwe nyumbani. Baba mkwe anapenda nyama choma ya mbuzi yenye kachumbari kali, na mume wangu amenunua mvinyo mwekundu wa mchanganyiko kwa ajili ya siku hiyo. Tulipoujaribu pamoja na kachumbari yetu ya kawaida ulikuwa mchungu na wenye kuunguza. Tufanye nini, ilhali siwezi kumwekea mzee nyama bila kachumbari? *Msomaji wa Donholm*

Jibu: Dada, una haki kabisa ya kutomnyima mzee kachumbari yake, na wala hakuna haja ya kufanya hivyo. Nyama na mvinyo wenu vinapatana vizuri sana. Ugomvi umo ndani ya bakuli la kachumbari, na unatatulika.

Tuanze na nyama. Nyama choma tunayoila Nairobi, iwe imetoka Kariokor, Kenyatta Market au Burma, kwa kawaida haina kiungo kingine isipokuwa chumvi, moto na mafuta yake yenyewe. Hiyo ni bahati kubwa. Chumvi huupunguza uchungu wa mvinyo na kuyainua matunda yake, na protini na mafuta ya nyama huzishughulisha tanini ambazo zingekausha fizi zako. Kwa sababu hiyo ningekushauri uchague mbavu na bega, penye tabaka la mafuta linalodondoka makaani, kuliko vipande vikavu vya paja. Mwombe mchomaji asiache nyama iungue hadi ikawa nyeusi, kwa kuwa uchungu wa masizi hujumlishwa na uchungu wa mvinyo. Iweke chumvi nyingine kando ya ubao wa kukatia, kama ilivyo desturi, na uchovye kipande kabla ya funda la kwanza: hapo utaona mvinyo uleule uliokukaza fizi ukilainika.

Kachumbari ina mambo matatu ya kuangaliwa. La kwanza ni kitunguu kibichi, ambacho ukali wake hukaa mdomoni kwa muda mrefu na kuzima kila harufu. Kikate vipande vyembamba, ukifikiche kwa chumvi, ukiache kidogo, kisha ukioshe kwa maji baridi mara mbili na kukikamua; akina mama wengi hufanya hivyo tayari. La pili ni ndimu. Uchachu wa chakula hupunguza uchachu unaouhisi katika mvinyo, kwa hiyo ndimu kidogo husaidia, lakini ukikamua nyingi mvinyo utaonekana umepooza na kukosa uhai. Nyanya zilizoiva vizuri zina uchachu wa kutosha peke yake, na nusu ya ndimu kwa bakuli la watu sita ingetosha kabisa.

La tatu, na ndilo lililowaunguza, ni pilipili. Kapsaisini, yaani kemikali inayoipa pilipili ukali wake, huamsha vipokezi vya joto vilivyomo mdomoni, na pombe nayo huviamsha vipokezi hivyohivyo, hivyo viwili hivyo vinapokutana moto huongezeka. Mvinyo wenye asilimia 14.5 ya pombe na tanini nyingi utakuwa mateso kando ya pilipili kali, na hakuna ustadi wa kuandaa meza utakaouokoa. Tazama lebo ya chupa mliyonunua. Ikiwa inasoma asilimia 12.5 hadi 13, na ukakasi wake ni mdogo, upoze hadi nyuzi 14 au 15, nao utatulia. Ikiwa inazidi 14, uhifadhi kwa siku ya mlo usio na pilipili, mwambie mume wako atafute mwingine ulio mwepesi. Kwa vyovyote vile, ikatekate pilipili na kuiweka katika kibakuli chake peke yake karibu na mzee, ili ajipimie apendavyo nao wengine wasilazimike. Kachumbari yenyewe ibaki na dhania, ambayo inakwenda vyema na matunda ya mvinyo.

Ugali ni msaada mkubwa kuliko unavyosifiwa, kwa sababu hauna ladha ya kushindana na huusafisha mdomo kati ya tonge na funda. Sukuma wiki iliyokaangwa haraka huwa na uchungu wa majani, nao huukuza ukakasi. Ipike na kitunguu cha kutosha na nyanya hadi ilainike. Mukimo naupenda zaidi hapo, hasa ulio na mahindi machanga. Jambo moja ningeliondoa mezani kabisa ni sosi tamu za chupa za kupaka nyama: sukari ya chakula ikiizidi ile ya mvinyo, mvinyo mkavu hugeuka kuwa mchachu na mwembamba mara moja.

Swali: Je, pilau ya nyama ya ng'ombe inaweza kuliwa na mvinyo mwekundu wenye ladha ya matunda, au viungo vitaushinda? *Msomaji wa Buruburu*

Jibu: Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu sioni chakula chetu kingine kinachopatana na mvinyo wa namna hii kuliko pilau. Sababu zake zinaweza kuelezwa kwa kemia. Harufu ya karafuu hutokana na kemikali iitwayo eujenoli, na eujenoli hiyohiyo hupatikana katika mbao za mwaloni, kwa hiyo mvinyo uliokaa kwenye pipa la mwaloni hubeba chembe za harufu ya karafuu bila karafuu yoyote kutiwa. Nayo harufu ya pilipili manga hutokana na kemikali nyingine, rotandoni, ambayo mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba ndiyo inayoipa Shiraz harufu yake ya pilipili manga. Unapokula pilau iliyopikwa kwa karafuu, pilipili manga, iliki, mdalasini na bizari nzima, ukanywa mchanganyiko wenye Shiraz na uliopitia pipani, pua yako hukutana na harufu zilezile kutoka pande mbili, na matunda ya mvinyo huongeza kile ambacho pilau haina.

Siri iko katika upishi wa kitunguu. Kikaangwe taratibu hadi kiwe na rangi ya kahawia iliyokolea, kwani hiyo ndiyo inayotoa rangi na kina cha pilau, lakini kisiungue. Nyama iwe na mafuta kidogo na ichemshwe hadi ilainike kabla ya mchele kuingia. Viungo visagwe vikiwa vimekaangwa upesi bila mafuta. Bizari ya pakiti iliyokaa rafuni mwaka mzima imekwisha kupoteza harufu, na mvinyo hautakuwa na cha kuzungumza nacho. Pilau ya kuku nayo inafaa, ila chagua mvinyo mwepesi zaidi, mathalani ule ambao Grenache ndiyo nyingi ndani yake.

Biriani ni kazi ngumu kidogo kwa sababu ya mtindi, utamu wa vitunguu vilivyokaangwa vikakauka, na pilipili iliyomo ndani ya rojo lenyewe. Inawezekana, lakini ningepunguza pilipili na kuupoza mvinyo zaidi.

Swali: Shangazi hutuletea sato kutoka Kisumu kila anapokuja. Je, ni kweli kwamba samaki haliwi na mvinyo mwekundu? *Msomaji wa Kayole*

Jibu: Ni kweli kwa baadhi ya samaki. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo ndiyo yanayoamsha shombo kali mdomoni unapouchanganya na vyakula vya baharini, na mivinyo mingi myekundu ina chuma zaidi kuliko myeupe. Omena, wenye mafuta na shombo ya kukaushwa, usiwajaribu. Sato mbichi aliyekaangwa kisha akachemshwa katika rojo la nyanya, kitunguu na dhania anaweza kuliwa na mvinyo mwepesi uliopozwa, mradi uwe na ukakasi mdogo sana. Samaki wa kupaka, kwa tui lake la nazi, ningemwachia mvinyo mweupe.

Swali: Nusu ya wageni wangu hawanywi pombe kwa sababu ya dini. Nitawapa nini ambacho kitakwenda na chakula hichohicho, badala ya kuwapa soda? *Msomaji wa Pangani*

Jibu: Ni vizuri kwamba umewafikiria, kwa sababu mgeni asiyekunywa hupewa soda tamu inayoharibu ladha ya pilau na nyama, kisha akadhaniwa ameshughulikiwa. Chemsha maua makavu ya rozela kwa maji, pamoja na kipande cha mdalasini na karafuu mbili, uyaache dakika kumi na kuyachuja. Kando, tengeneza chai ya rangi isiyo na sukari. Changanya sehemu tatu za rozela na sehemu moja ya chai, utie sukari kidogo mno, kisha uweke kwenye friji hadi kinywaji kipoe. Rozela italeta rangi nyekundu, uchachu na harufu ya matunda, na chai italeta ukakasi unaohitajika kando ya mafuta ya nyama. Maji ya komamanga yasiyotiwa sukari nayo hufanya kazi hiyo vizuri. Kimimine katika glasi sawa na za wengine.

Swali: Chupa ikibaki nusu, inakaa siku ngapi? Je, naweza kuupikia? *Msomaji wa Umoja*

Jibu: Izibe vizuri na kuiweka friji, ikiwa imesimama, nayo itakaa siku tatu hadi tano. Ukiwa na chupa ndogo safi, uhamishie humo mvinyo uliobaki hadi ujae karibu na mdomo, kwa kuwa hewa ndiyo inayouharibu. Matunda ndiyo hutangulia kufifia, kisha harufu ya siki huanza. Ukishaisikia siki, usiupikie tena, maana kitoweo nacho kitachacha.

Mvinyo ulio mzima unafaa sana kwa mchuzi wa ng'ombe. Kaanga nyama hadi igeuke rangi, uitoe, ukaange kitunguu katika mafuta yaleyale, kisha umimine glasi moja ya mvinyo na kukwangua kwa mwiko yale yaliyoshika chini ya sufuria. Uache uchemke hadi ubaki nusu kabla ya kutia nyanya na kurudisha nyama. Ukitia nyanya mapema, uchachu wa mvinyo na wa nyanya utakuwa mwingi kupita kiasi. Pika kwa moto mdogo hadi nyama ilainike. Pombe haiishi yote hata mchuzi ukichemka kwa muda mrefu, kwa hiyo ukiwa na mgeni asiyetumia pombe, mwambie kabla hujampakulia, au umpikie wake katika sufuria nyingine.